Mjumbe asiye na jina: nilivyoacha kulia jukwaani

Miaka miwili ya mwisho ya sekondari nilisoma Sanaa za Maonyesho, na kwa muda mrefu niliamini kwamba mwigizaji hodari ni yule anayeweza kulia. Mimi machozi yalikuwa karibu sana. Wenzangu darasani walinipigia makofi, nami nikaridhika. Kisha ukafika mwaka wa mtihani wa vitendo, nafasi zikagawanywa, nikapewa mjumbe.

Tamthilia tuliyochagua ilikuwa Antigone ya Mgiriki Sophocles, iliyoigizwa Athens yapata mwaka 441 kabla ya Kristo. Mjumbe hana hata jina. Anaingia mambo yakikaribia kwisha, anasimulia, basi. Niliumia. Nilimtaka Creon, yule mfalme, au Antigone mwenyewe, msichana anayefungiwa pangoni kwa amri yake. Lakini katika tanzia za Kigiriki, kwa kawaida vifo havitokei mbele ya hadhira. Vinatokea ndani ya jumba au mbali kabisa, halafu anakuja mtu kuvieleza. Kifo cha Haemon, mwana wa mfalme na mchumba wa Antigone, hakionekani popote isipokuwa kinywani mwa huyu asiye na jina. Nisiposimulia vizuri, Haemon hajafa. Ilinichukua wiki nzima kulielewa hilo, na tangu nilielewe sikumtamani tena Creon.

Siku ya kwanza ya mazoezi nilianza kulia kwenye sentensi ya pili. Mwalimu aliniacha nikamaliza, kisha akaniuliza, "Haemon alipomkuta Antigone, alimshika wapi?"

Sikuwa na jibu, ingawa jibu lilikuwa kwenye mswada niliokuwa nimeukariri.

"Mle pangoni mlikuwa na giza?"

Kimya.

"Basi wewe hukuwepo. Na mama wa huyo kijana amesimama mbele yako, anamngoja mtu aliyekuwepo."

Maneno yale yalinigeuza. Mama huyo ni Eurydice, mke wa Creon. Mjumbe anamsimulia yeye namna mwanawe alivyokufa. Siku zote nilikuwa nimeielekeza huzuni yangu kwa hadhira, mama wa watu nimempa kisogo.

Hapo ndipo Stanislavski alipotoka kwenye daftari akanifanyia kazi. Mpaka wakati ule alikuwa kwangu maelezo ya kukariri tu: Mrusi aliyeanzisha na mwenzake Ukumbi wa Sanaa wa Moscow mwaka 1898. Lakini maswali yake ni ya vitendo hasa. Ningekuwa mimi katika hali hii, ningefanya nini? Mhusika huyu anataka nini kwa aliye mbele yake? Nikachukua penseli, nikaikata hotuba yangu vipande tisa, na pembeni mwa kila kipande nikaandika kitenzi. "Kuhuzunika" nilikifuta kila kilipojipenyeza, maana hakinipi kitu cha kumfanyia mwenzangu. Nikaandika kuapa, kumwandaa, kumwongoza njia, kusita, kumaliza haraka. Mjumbe anaanza kwa kuahidi kwamba atasema aliyoyaona na hataficha neno, kwa hiyo kipande cha kwanza kikawa kuapa, na nikakisema nikimtazama Eurydice machoni.

Kisha nikaenda ukumbini peke yangu kupanga picha. Mlango wa pango nikauweka kwenye nguzo ya kushoto. Creon nikamtoa nyuma ya safu ya mwisho ya viti. Haemon nikamweka chini ya nguzo ileile, mikono yake ikimzunguka Antigone kiunoni. Kila nilipolitaja pango, macho yangu yalirudi palepale, si shubiri moja juu wala chini. Katika mazoezi ya mwisho, tukiwa na maleba, yaani mavazi ya mchezo, nilimwona mwanafunzi mmoja wa madarasa ya chini akigeuza shingo kuitazama nguzo. Sijasahau shingo ile.

Pumzi ilinitesa zaidi. Kuna mahali Haemon anamtemea baba yake usoni, anachomoa upanga, anamkosa, kisha anauelekeza kwake mwenyewe. Nami nilikuwa naishiwa hewa kabla upanga haujatoka alani. Kila usiku nililala chali, kitabu juu ya tumbo, kitabu kiinuke na kifua kitulie, nikitoa hewa taratibu kwa sauti ya "sss" hadi iishe. Baada ya wiki tatu niliweza kwenda moja kwa moja bila kukwama. Ndipo nikaona kwamba sipaswi kwenda moja kwa moja. Baada ya "akamkosa" nilituama kidogo: mume wa mama huyu amenusurika, na kabla ya kusikia la mwanawe anastahili kupewa nafasi ya kuvuta pumzi.

Daftari la mchakato, ile sehemu ya maandishi, nilikuwa nikijaza "leo tumefanya mazoezi ya sauti". Halimwambii mtahini chochote. Nikaanza kuandika uamuzi na sababu yake: nimetua hapa kwa nini, nimeitazama nguzo kwa nini. Lilijiandika lenyewe.

Siku ya mtihani nilisimulia mpaka mwisho bila chozi. Zamani nilikuwa nimepanga kulia pale Eurydice anapoondoka. Mwenzangu aliyemwigiza aligeuka, upindo wa gauni lake ukaburuzika juu ya ngazi, ngazi ya kwanza, ya pili, ya tatu, hakutazama nyuma. Macho yangu yalimfuata hadi pazia likatulia. Sikuwa na kitenzi cha kipande hicho. Nilibaki nimesimama, mikono imening'inia, ukumbi mzima kimya, mpaka kiongozi wa korasi, lile kundi la wazee wa mji, aliponiuliza nionavyo mimi, maana mama ameondoka bila kusema neno, jema wala baya.