Taya la Mbuzi na Mpaka wa Mfupa

Mwezi uliopita, hapa Nakuru, nilibakiwa na taya la mbuzi baada ya supu ya kichwa, nikalichemsha hadi likawa jeupe, kisha kwa idhini ya msimamizi wangu nikalipitisha kwenye mashine ya CT, ile inayopiga picha za ndani kwa eksirei, wagonjwa walipokwisha. Nilitaka kujua ukuta wa taya chini ya gego la mwisho una unene gani. Nilipochagua kizingiti cha chini, yaani namba ambayo kuanzia hapo kompyuta huhesabu kuwa ni mfupa, nilipata milimita 3.1, nilipokipandisha, 2.4. Mfupa ulikuwa uleule.

Mashine haioni mfupa. Hugawa kila kilichomo ndani yake katika vijisanduku, na kila kijisanduku hupewa namba moja kwenye mizani ya Hounsfield, ambapo hewa ni -1000 na maji ni 0, huku mfupa mgumu ukivuka 1000 na enameli, ganda gumu la nje la jino, ikipanda zaidi. Kijisanduku cha ukingoni, chenye nusu mfupa na nusu hewa, hupewa wastani, ndiyo maana ukingo ulio mkali kwa kidole huwa mteremko wa kijivu kwenye picha. Wanaanthropolojia wengi huuweka mpaka katikati ya mteremko huo. Kanuni hiyo hufaa mradi ukuta uwe mnene. Ukiwa mwembamba kuliko uwezo wa mashine, huonekana mnene kuliko ulivyo.

Hapo ndipo ninapomkumbuka Orrorin tugenensis, jamaa wa kale wa binadamu, ambaye mabaki yake ya takriban miaka milioni 6 yalipatikana mwaka 2000 katika vilima vya Tugen, Baringo, kaskazini mwetu. Mwaka 2004 watafiti walitumia picha za CT za shingo ya mfupa wa paja kuonyesha kwamba gamba, yaani ukuta mgumu wa nje wa mfupa, ni jembamba upande wa juu kuliko wa chini, dalili ya kutembea kwa miguu miwili. Wengine walijibu kwamba picha hizo hazikuwa na ukali wa kutosha kwa kipimo hicho. Chuoni niliona bishano hilo ni wivu tu wa wasomi; taya la mbuzi limenibadilisha mawazo.

Kwa enameli, ambayo kwenye gego la binadamu huwa na milimita moja au mbili hivi, afadhali mikro-CT, ambayo vijisanduku vyake hupimwa kwa mikroni, yaani sehemu za elfu za milimita.

Hatimaye nililikata taya kwa msumeno, nikapima kwa kalipa, kifaa cha kubana na kusoma unene: milimita 2.7. Kanuni ya katikati ya mteremko ilikuwa imenipa 2.8. Siku hizi, kando ya kila namba daftarini, naandika pia kizingiti nilichotumia na unene wa vipande vya picha.