Fimbo Nne za Chumba Chetu cha Pool

Mwezi uliopita tulimaliza kukiandaa chumba cha nyuma ya nyumba yetu hapa Tanga, ambamo tumeweka meza ya pool ya futi 7 tuliyoinunua ikiwa imekwisha kutumika, na kazi iliyobaki ilikuwa kutafuta fimbo. Nilidhani ningeimaliza asubuhi moja. Ilinichukua majuma matatu, kwa sababu fedha zilikuwa chache, na kwa sababu nilitaka fimbo ambazo baba yangu, aliyefanya useremala maisha yake yote, angezishika kwa furaha.

Kabla ya kuingia dukani nilipima chumba, na ninamsihi kila mwenye nia kama yangu afanye hivyo. Fimbo ya kawaida ya watu wazima ina urefu wa inchi 58, yaani takriban sentimita 147, na mchezaji huihitaji nafasi hiyo kila upande wa meza, pamoja na kiasi cha kuvutia mkono nyuma. Eneo la kuchezea la meza yangu lina urefu wa karibu sentimita 198 na upana wa sentimita 99, hivyo chumba chenye mita 5.2 kwa 4.2 kingetosha vizuri. Changu kimepungukiwa upande mmoja, wa dirisha. Kwa ajili ya upande huo niliamua kwamba fimbo moja kati ya nne iwe fupi, ya inchi 48, badala ya kuwaacha watu wagonge ukuta kila mpira unapokaa vibaya.

Jambo la pili ni ukubwa wa mipira. Mipira ya pool ya Kimarekani ina kipenyo cha milimita 57, na fimbo zake huwa na ncha ya milimita 12 au 13. Mipira midogo ya mtindo wa Kiingereza, ambayo ndiyo niliyo nayo, ina milimita 51 na huchezwa kwa raha zaidi kwa ncha ya milimita 9 au 10. Muuzaji wa kwanza alitaka kunipa fimbo nene kwa maelezo kwamba zote ni sawa. Si sawa hata kidogo, kwa kuwa ncha nene mbele ya mpira mdogo humfanya mchezaji ashindwe kuona hasa anapougusa.

Kwenye unyoofu wa mti ndipo nilipotumia muda mwingi, na ndipo baba aliponisaidia. Wengi huibingirisha fimbo juu ya meza na kutazama kama inaruka, lakini meza isiyo sawa hudanganya. Baba aliiinua kila fimbo hadi kwenye jicho, kama anavyokagua ubao kabla ya kuupiga randa, kisha akaizungusha polepole kwa vidole. Ncha ikichora duara badala ya kutulia mahali pamoja, aliirudisha bila kusema neno. Kati ya fimbo kumi na moja alizozikagua, saba zilirudi. Alitazama pia michirizi ya mti, akitaka iliyokwenda moja kwa moja kutoka shinani hadi nchani, kwa sababu mti uliokatwa mshazari hupinda upesi, hasa katika unyevunyevu wa pwani yetu.

Ncha yenyewe nilitaka iwe ya ngozi iliyobandikwa kwa gundi. Zile za kufungwa kwa skrubu hubadilishwa haraka, lakini zikilegea kidogo tu fimbo hutoa mlio na mpigo hupoteza nguvu. Ngozi ndiyo iliyoubadilisha mchezo huu mwanzoni mwa karne ya 19, wakati Mfaransa François Mingaud alipoieneza, kwani ndiyo inayoushika mpira, pamoja na chaki, na kumwezesha mchezaji kuuzungusha atakavyo. Ncha mpya ni rahisi kununua. Mti uliopinda haurudi.

Kuhusu uzito, fimbo tatu ndefu nilizichagua za aunsi 19, takriban gramu 540, ili wageni wasigombee moja. Mapambo niliyaacha kabisa. Kulikuwa na fimbo moja yenye mshikio wa mti mweusi na nakshi za kung'aa, ambayo bei yake ilitosha kununulia tatu za kawaida, nami niliitamani kwa kweli; lakini nilipoitazama kwa jicho kama baba alivyonifundisha, ilikuwa imepinda karibu na kiungo chake.

Sasa zote nne zimesimama wima kwenye kishikizo ambacho baba amekitengeneza kwa mbao za mninga, mbali na dirisha na jua la alasiri, kwa maana fimbo iliyoegemezwa ukutani kwa mshazari hupinda taratibu kwa uzito wake yenyewe. Ile fupi ameichukua mama, ambaye haitumii upande wa dirisha tu, bali kila upande.