Kati ya kisu na kikapu

"Mama, kipofu ni kitu?"

Binti yangu aliniuliza juzi usiku, daftari la Kiswahili mapajani, mimi nachambua mchele. Wamefundishwa ngeli ya KI-VI. Nikamjibu upesi kwamba siku hizi tunasema asiyeona, aandike hivyo. Akaandika. Mimi nikabaki na ungo magotini, mchele umenishinda.

Ilikuwa 1996, kidato cha pili. Mwalimu wa Kiswahili, niliyempenda kuliko walimu wote, alikuwa amegawa ubao kwa mstari: umoja huku, wingi kule. Kiti, viti. Kisu, visu. Akataka mifano mingine. Nikasimama kabla sijaitwa, nikasema kwa sauti: "Kilema, vilema!"

"Safi," akasema, akaandika.

Darasa zima likageukia dawati letu, na hawakuwa wakinitazama mimi. Pembeni yangu alikaa rafiki yangu, yule wa magongo, aliyepatwa na polio utotoni. Magongo yenyewe yalikuwa yameegemea ukuta, kitambaa cha kanga kimezungushiwa pale kwapani ili yasimchubue. Nyuma mtu akacheka puani. Rafiki yangu hakugeuka. Alikuwa ananakili, na alipofika kwenye neno lile kalamu ikasimama. Nikaitazama ile kalamu. Kisha akaliandika, herufi moja moja, kwa mwandiko wake mzuri tuliokuwa tukiuonea wivu, chini ya kisu. Akanyoosha mkono.

"Mwalimu, tunasema kilema kimefika au amefika?"

"Amefika. Ni mtu."

"Sasa mbona yuko na visu?"

Mwalimu akaeleza kwamba ngeli hizi zimepangwa kwa viambishi vya mwanzo, na kwamba hata kijana, kiongozi na kiranja wamo humo humo. Alisema kweli. Kengele ikalia, tukatoka. Sikumwomba rafiki yangu radhi siku ile wala baadaye, tukamaliza shule, tukapotezana.

Leo najua kwamba wanaopanga ngeli kwa upatanisho wa kisarufi, yaani kwa kitenzi kama amefika, wangemweka kilema kwenye A-WA pamoja na watu, na swali lake lingekuwa limejibiwa. Najua sheria yetu ya 2010 inasema watu wenye ulemavu. Lakini najua pia kwamba Chama cha Viziwi Tanzania kinajiita hivyo hivyo, viziwi, na jina hilo wanalibeba wenyewe, wakati wasioona wamechagua kuitwa wasioona. Shule inawapa watoto orodha: neno hili baya, hili zuri, kariri. Na mimi juzi nimefanya vivyo hivyo, nimempa mwanangu neno bila kumpa mtu.

Natamani wafundishwe kumuuliza mwenyewe anataka aitweje. Ila nikifikiria darasa letu la watu hamsini, na rafiki yangu asimamishwe mbele kuulizwa, moyo unasita. Pengine alichohitaji ni mimi nimgeukie pale dawatini, kwa sauti ya chini.

Asubuhi nilifungua daftari la binti yangu. Kipofu amefutwa vizuri kwa kifutio, juu yake pameandikwa asiyeona. Na bado amemwacha palepale, kati ya kisu na kikapu.