Paris kwa njia ya Berthe Morisot: Orsay, Passy, Marmottan

Siku ya kwenda ni Alhamisi. Jumatatu majumba yote mawili ya makumbusho yenye picha tulizozifuata, za mchoraji Mfaransa wa karne ya 19 Berthe Morisot, yaani Musée d'Orsay na Musée Marmottan Monet, hufungwa. Alhamisi yote mawili huchelewa: Orsay hadi saa nne kasorobo usiku, Marmottan hadi saa tatu. Makaburi ya Passy yaliyo katikati ya njia hufunga mapema jioni, kwa hiyo tukapanga Orsay asubuhi, Passy mchana, Marmottan mwishoni. Anayepindua mpango huu atakuta lango la makaburi limeshafungwa.

Orsay tulipanda moja kwa moja hadi ghorofa ya juu, kumtafuta mtoto aliyelala. *Le Berceau*, picha ya mwaka 1872, ni ndogo, sentimita 56 kwa 46, na anayetarajia ukubwa unaolingana na sifa zake huipita bila kujua. Wengi pia humdhania mama aliye pichani kuwa ni mchoraji mwenyewe. Siye. Ni dada yake, Edma, akimtazama bintiye Blanche. Julie, mtoto pekee wa Berthe, alizaliwa Novemba 1878, miaka sita baada ya picha hii. Edma naye alikuwa mchoraji. Walijifunza pamoja na kuonyesha kazi zao pamoja, hadi alipoolewa mwaka 1869 akaweka brashi chini. Ukilijua hilo, uso wake unasomeka vingine: kuna upendo, na kuna kitu kingine kando yake.

Itazame kwanza kwa mbali, kisha usogee na usimame kidogo upande, maana ukikaa mbele kabisa mwanga hurudi machoni. Chandarua kinachoonekana cheupe kina buluu na waridi ndani yake, kimepakwa kwa mikwaruzo mirefu iliyoachwa wazi ili sura ya mtoto ipenye. Mkono wa Edma uliokunjwa kushika shavu unafuatwa na mkono wa kichanga, nao umekunjwa vilevile. Picha hii ilitundikwa kwenye maonyesho ya kwanza ya kundi la Waimpreshonisti, wachoraji wa mwanga na mikwaruzo ya wazi ambao Berthe alikuwa mmoja wao, mwaka 1874 na haikupata mnunuzi. Louvre ndiyo iliyoinunua, mwaka 1930. Maonyesho ya kundi hilo yalikuwa manane. Berthe alikosa moja tu, la 1879, Julie akiwa na miezi michache.

Kutoka Orsay tulichukua treni ya RER C, ambayo kituo chake kiko mlangoni pa jumba, tukashuka Champ de Mars. Hadi hapo treni yoyote ya kuelekea magharibi inafaa. Baada ya hapo njia hugawanyika, na ndipo wageni wanaokwenda Marmottan moja kwa moja hujikuta wakielekea Versailles. Soma ubao kabla ya kupanda. Tiketi usiitupe, milango ya kutokea huidai. Tulivuka daraja la Pont d'Iéna, tukapanda ngazi za Trocadéro.

Makaburi ya Passy yako juu ya ukuta mrefu unaouona ukiwa kwenye uwanja wenyewe, na kosa la kawaida ni kuuzunguka ukuta ukitafuta upenyo. Lango liko pembeni, Rue du Commandant-Schlœsing. Ndani, ulizia Manet, siyo Morisot: alama ni sanamu ya shaba ya kichwa cha mchoraji Édouard Manet, kazi ya shemeji yake Ferdinand Leenhoff. Hapo wamelala Édouard, mkewe Suzanne, mdogo wake Eugène, na Berthe aliyeolewa na Eugène mwaka 1874. Jiwe linamtaja Berthe kuwa mjane wa Eugène Manet, basi. Cheti chake cha kifo nacho kiliandika kuwa hakuwa na kazi, mtu aliyeacha picha zaidi ya 400 za rangi za mafuta, mbali na pasteli na rangi za maji. Katika makaburi hayohayo yupo Marie Bashkirtseff, mchoraji aliyefariki 1884 akiwa kijana, na kaburi lake ni jengo zima lililotengenezwa mithili ya studio. Tazama yote mawili kabla ya kutoka.

Kilichomuua Berthe ni kumuuguza mwanawe. Mwanzoni mwa 1895 Julie aliugua mafua makali. Mama akamuuguza, akaambukizwa, yakageuka nimonia. Alifariki Machi 2, akiwa na miaka 54. Eugène alikuwa ametangulia mwaka 1892, kwa hiyo Julie akabaki yatima akiwa na miaka 16. Katika barua ya mwisho mama alimpa maagizo ya kumbukumbu za kuwagawia marafiki, wachoraji Degas, Monet na Renoir wakiwamo, na hata walinzi wa mlangoni hakuwasahau.

Nyumba waliyoijenga Berthe na Eugène iko mwendo wa dakika kama 20, kwa kufuata Avenue Kléber hadi Rue Paul-Valéry, enzi hizo ikiitwa Rue de Villejust. Ni makazi ya watu, hakuna kuingia. Julie aliishi hapo na binamu zake baada ya msiba. Machi 1896, mwaka mmoja tu baadaye, yeye na marafiki wa mama yake walikusanya karibu kazi 400 kwenye jumba la maonyesho la Durand-Ruel, mfanyabiashara wa picha. Mshairi Mallarmé aliandika dibaji ya katalogi, na Degas akagombana na wenzake kuhusu mahali pa kuweka kiwambo chenye michoro. Julie aliyaandika hayo kwenye shajara yake.

Kurudi, panda metro laini ya 6 kituo cha Kléber hadi Trocadéro, kisha laini ya 9 ya kuelekea Pont de Sèvres. La Muette ni kituo cha pili. Kata bustani ya Ranelagh kwa miguu na jumba liko ukingoni mwake.

Marmottan ina mkusanyiko mkubwa kuliko wote wa Morisot duniani, uliotokana na wosia wa familia ya Denis Rouart, mwana wa Julie, uliofika mwaka 1996. Wageni wengi huteremka chini kwa Monet na kuupita. Baadhi ya picha huazimwa kwingine, hivyo ulizia kwanza. Kwenye picha yake mwenyewe ya 1885, akiwa na ubao wa rangi mkononi, turubai limeachwa tupu pembezoni. Wakosoaji waliita kazi za namna hiyo hazijakamilika, lakini ukikaribia unaona kila mkwaruzo ulipoanzia. Kwenye *Le Cerisier*, ya 1891, Julie ndiye aliyepanda ngazi kuchuma cheri alipoianza, kisha mama akaimaliza Paris kwa mtu mwingine wa kukaa kielelezo, baada ya michoro mingi ya majaribio. Na ya 1893 inamwonyesha Julie na mbwa wake Laërte, zawadi ya Mallarmé: nguo nyeusi, na kiti kitupu nyuma yake, baba akiwa ameshafariki. Ukibaki na nusu saa kabla ya jumba kufungwa, itumie kwa hizo tatu.