Upande gani wa barabara

Tulipofiwa na shangazi kule Kibosho, baba mkubwa alikaa mbali na turubai, chini ya migomba. Hapo ndipo alipolala pia, masika na kiangazi, tangu arudi kutoka Uganda mwaka 1979. Ukoo ulishatambika, padri alishamwombea. Kwenye kilabu cha mbege walimwita mtu wa Mirembe, ile hospitali ya wagonjwa wa akili Dodoma, na hilo linaniuma mpaka leo.

Mgeni mmoja kutoka Arusha, mlinzi mstaafu, alisikia jikoni kwamba yule mzee alikwenda Vita vya Kagera akiwa mgambo. Akaniomba vikombe viwili vya chai, nikamfuata navyo. Hakumpa pole ya msiba.

"Lukaya ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

"Upande gani wa barabara?"

Barabara ya Lukaya inakatiza kinamasi, ukitoka Masaka kwenda Kampala. Machi 10, 1979, maroketi ya Walibya waliokuja kumsaidia Idi Amin yaliishukia Brigedi yetu ya 201, ambayo wengi wake walikuwa mgambo, na wengi wakatawanyika. Kesho yake Brigedi ya 208 ilizunguka, tukashinda. Nchi ilibaki na ushindi; baba mkubwa alibaki na zile mbio.

"Kushoto," alisema. "Nilikimbia, afande. Mwenzangu nilimwacha majini."

"Hata mimi nilikimbia. Bunduki niliitupa."

Sijawahi kumsikia baba mkubwa akiongea kama alivyoongea jioni ile. Mgeni naye hakuficha kitu: usiku alikuwa akishtuka amemkaba mama watoto shingo, na sasa anatumia dawa na analala.

Askari wa Marekani waliotoka Vietnam walianza vikao vya namna hii New York mwaka 1970, wakisikilizana wenyewe. Madaktari wa akili wa huko waliyaingiza maradhi hayo ya kiwewe kwenye mwongozo wao mwaka 1980. Leo hospitali za maveterani wa Marekani zinawaajiri maveterani kwa kazi hiyo, kwa mshahara. Mgeni wetu aliifanya kwa nauli yake, na naamini kila mkoa wenye wazee wa Kagera unastahili mtu kama yeye kliniki.

Maana wiki iliyofuata alipanda basi kuja Moshi, tukaenda wote. Daktari, kijana mpole, aliuliza habari za usingizi. Baba mkubwa akajibu analala vizuri.

"Daktari," mgeni akasema, "muulize analala wapi."

Akaulizwa, na safari hii akaeleza yote, mpaka kinamasi. Kwenye faili, mahali pa ndugu wa mgonjwa, daktari aliandika jina la mgeni.