Joto litashuka sawa, na mvua je?

Hii ishu ya kumwaga salfa angani kwa ndege ili dunia ipoe nilikuwa naichukulia kama stori za kijiweni tu, mpaka nikasoma habari za Pinatubo. Ule mlima wa Ufilipino ulilipuka Juni 1991, ukarusha kati ya tani milioni 15 na 20 za gesi ya salfa dayoksaidi mpaka stratosfia (tabaka la hewa la juu kule, juu ya mawingu), ikageuka vijitone vidogo sana vinavyorudisha mwanga wa jua ulikotoka, na mwaka uliofuata dunia nzima ikapoa kama nusu digrii hivi. Mlima mmoja! Kwa hiyo anayesema hii kitu haiwezi kufanya kazi anakosea, kupooza inapooza.

Ila lengo ni lipi hasa? Kama ni kushusha namba ya kipimajoto, haya. Lakini mkulima halimi kwa kipimajoto. Huo huo mwaka 1992 mvua za nchi kavu zilipungua sana na mito nayo ikapungua, maana jua likififia maji yanayopanda kama mvuke yanakuwa machache. Halafu kuna suala la unamwagia wapi, mwaka 2013 wanasayansi wa Uingereza walionyesha kwa modeli (hesabu za hali ya hewa za kompyuta) kwamba ukimwaga kaskazini mwa ikweta peke yake Sahel, ule ukanda wa kusini mwa jangwa la Sahara, inakauka, ukimwaga kusini Sahel inapata mvua zaidi. Sasa hapo si mwenye ndege ndo anaamua nani alime??

Na kaboni yenyewe, ile hewa ukaa inayoleta hilo joto, haijaguswa, bahari inazidi tu kuwa na asidi. Vijitone vinaanguka ndani ya mwaka mmoja au miwili, so unamwaga tena na tena miaka na miaka, na siku ukikatisha ghafla (vita, hela zimeisha, serikali mpya haitaki) joto lote ulilokuwa umelifunika linarudi mbio.

Februari 2024 pale Nairobi, kwenye baraza la mazingira la UN, Uswisi ilitaka liundwe jopo la wataalamu wa kuangalia haya mambo, nchi za Afrika zikakaza kwamba teknolojia hii isitumike, mwisho wake azimio likaondolewa mezani. Mwanzoni nilishangilia. Siku hizi sina uhakika sana, maana modeli zitaendelea kutengenezwa huko huko kwa nchi tajiri, na mimi ninachotaka kuona ni mtu amekaa akapiga hesabu za masika na vuli za kwetu.