Siku moja Bagamoyo: mwanafunzi kutoka Nyeri na mkahawa mpya wa Mji Mkongwe

Saa kumi na mbili asubuhi. Mwenye nyumba wangu, ambaye wapangaji wote tunamwita Mama, anafagia uwanja. Namwamkia shikamoo kupitia dirishani, ananiitikia marahaba bila kuinua ufagio. Kwetu Nyeri saa hizi watu wamejifunika blanketi mbili. Hapa jasho limeshaanza. Chai ya rangi, maandazi mawili, ninatoka.

Nimevuka mpaka kutoka Kenya kuja kusomea muziki katika Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, TaSUBa. Chuo kilianza mwaka 1981, na nilikichagua kwa sababu nilitaka kujifunza ala za Kiafrika kwa walimu waliokua nazo, si kwa kitabu.

Saa moja na nusu. Mazoezi ya ngoma. Mwalimu hapendi mchezaji anayehesabu kwa midomo, anataka usikie.

Saa tatu. Ilimba, ala ya Wagogo, na kipindi ninachokingojea kuliko vyote. Ni sanduku la mbao lenye vijiti vya chuma vya kupigwa kwa vidole gumba. Kwenye ubao kuna matundu yaliyozibwa kwa utando wa buibui, na utando huo ndio unaoipa sauti ule mkwaruzo wake. Ukichanika, ala inasikika tupu, na mwalimu anasimamisha darasa mpaka uzibwe upya. Hukwe Zawose, Mgogo aliyeifikisha ala hii kwenye majukwaa ya dunia, aliishi hapa Bagamoyo hadi alipofariki mwaka 2003. Wanaomkumbuka bado wapo mjini, na ukipiga vibaya watakwambia.

Saa saba. Wali, maharage, samaki wa kukaanga. Jua la kuumiza kichwa.

Saa nane. Mwenzangu wa darasani ameniambia kuna mkahawa umefunguliwa Mji Mkongwe wa hapa Bagamoyo, ndani ya moja ya zile nyumba za mawe zenye milango ya kuchongwa. Twende. Ndani kuna ubaridi ambao hauhitaji feni, kwa sababu kuta ni nene. Meza chache, mashine moja ya kahawa inayong'aa, na kijana aliyevaa aproni.

"Karibuni, dada zangu."

"Asante, kaka. Kahawa yenu inatoka wapi?"

Nadhani hakuzoea kuulizwa. Ameingia ndani, akarudi na mfuko na kunionyesha: kahawa aina ya arabika, miteremko ya Kilimanjaro. Kisha nimesimama karibu na kaunta kumtazama. Amepima gramu 18 kwenye mizani ndogo, akasaga, akausawazisha ule unga kwa kidole, akaukandamiza, akafunga mkono wa mashine. Kahawa imeanza kushuka taratibu, nyeusi kwanza, kisha rangi ya asali, na kabla nusu dakika haijaisha ameikata. Hakuzungumza muda wote huo. Nimempenda kwa ukimya ule, ni wa mtu anayeheshimu kazi.

Nimeinywa bila sukari. Ina uchachu safi kama wa ukwaju uliokolezwa kidogo, halafu utamu unabaki ulimini. Mwenzangu ameongeza sukari vijiko viwili na maziwa, akasema sasa inanyweka.

Hapa lazima nieleze kwa nini nilikaa saa nzima na kikombe kidogo vile. Mamangu ni mkulima wa kahawa. Nimekua nikichuma cheri, yaani matunda ya kahawa, zilizo nyekundu, moja moja, nikiacha mbichi mtini, halafu tunabeba gunia hadi kiwandani kupimiwa. Kutoka hapo hatuioni tena. Inamenywa, inachachushwa, inaoshwa, inaanikwa, inakwenda mnada wa Nairobi na kupanda meli. Nyumbani tunakunywa chai. Nyanyangu amelima kahawa tangu ujana wake na sijawahi kumwona na kikombe chake.

Na kahawa yetu ina ndugu huku. Misheni ya Mapadre wa Roho Mtakatifu ilianza Bagamoyo mwaka 1868, na wamisionari hao walipanda mbegu za kahawa aina ya Bourbon zilizotoka kisiwa cha Réunion. Mashamba ya misheni yalilimwa na watu waliokombolewa utumwani, jambo ambalo sijaliona kwenye mfuko wowote wa kahawa. Arabika hutaka ubaridi wa milimani, haikupata makao pwani. Lakini mapadre hao waliifikisha Bura, kule Taita, mwaka 1893, na kahawa ya misheni zao ikasambaa katika mashamba ya kwanza ya Kenya. Hata SL28, aina ya kahawa iliyo shambani kwa mamangu, iliteuliwa Kabete, karibu na Nairobi, miaka ya 1930 kutoka miti ya Tanganyika iliyovumilia ukame, nayo ni ya ukoo huohuo wa Bourbon.

Kwa hiyo nimemwambia yule kijana: orodha yenu ukutani ina majina mengi ya vinywaji vya Italia, na hakuna mahali pameandikwa Kilimanjaro. Andikeni. Andikeni hata kijiji kama mnakijua. Amesema atamwambia bosi wake. Natumaini atamwambia kweli, kwa sababu mteja akijua shamba ataanza kuuliza mkulima amelipwa nini.

Saa kumi na nusu. Mazoezi ya onyesho hadi magoti yamekataa.

Saa moja usiku. Karibu na baraza ya nyumba yetu yupo mzee muuza kahawa, na birika lake juu ya makaa, vikombe vidogo kwenye ndoo ya maji. Yake ni ya kukaangwa hadi nyeusi, kutwangwa na kuchemshwa na tangawizi, na hunywewa kwa kashata. Sitailinganisha na ile ya mchana, zina kazi tofauti. Hii ni ya kukaa na watu. Nimewasimulia wazee habari za mkahawa na bei yake, shilingi 4,000 kikombe, wakaguna wote kwa pamoja.

"Mwanangu," mzee ameniambia, "mwambie mama akupe kilo moja ukienda likizo. Tuipike humu tuione."

Saa tatu usiku. Nimempigia mamangu, nikamsimulia ile kahawa ya mkahawani. Swali lake la kwanza lilikuwa bei, kama nilivyojua. Kama shilingi 200 za kwetu, nimemwambia. Akauliza kikombe kimoja kinakula cheri kiasi gani. Tumepiga hesabu pamoja: kilo moja ya buni, punje kavu zisizokaangwa, huhitaji kilo sita au saba za cheri, na ukaangaji hupunguza uzito tena, kwa hiyo gramu zile 18 ni kama gramu 150 za cheri. Kwa mikono yake hiyo ni kazi ya dakika chache. Amenyamaza kidogo, kisha akasema nikienda nyumbani Desemba niwe najua kuikaanga na kuipika, kwa sababu anataka kuionja yeye na nyanya, ya shamba lake mwenyewe.

Jumamosi sina kipindi. Nitarudi mkahawani mapema, kabla wateja hawajajaa, nimwombe yule kaka anifundishe.